Nani Ashike Spana?

Kwenye pampu ya dizeli ya Land Cruiser nyingi za miaka ya tisini kuna skrubu moja ndogo ambayo kiwandani huwekewa kizuizi ili mtu asije akaichezea. Hiyo ndiyo inayopanga mwisho wa dizeli inayoingia kwenye injini. Vunja kizuizi, izungushe kidogo kwenda ndani, gari linachangamka papo hapo. Haihitaji spea wala ruhusa ya mtu. Kuna mafundi wanaoizungusha bila hata kumwambia mwenye gari, ili akitoka getini ajisikie amelipia kitu. Na kuna wenye magari wanaoizungusha wenyewe uani, usiku, tochi mdomoni, kwa sababu hawawaamini mafundi hao.

Skrubu ni ileile, na injini haijui nani kaizungusha. Lakini nimekuwa nikijiuliza kwa miezi kadhaa kama kimaadili hilo ni tendo moja au ni mawili.

Swali nililetewa na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anaendesha Land Cruiser ile tunayoiita mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Anapakia kabichi, karoti na watu kutoka vijiji vya juu ya Lushoto kushuka Mombo, halafu anapandisha watu na mizigo ya dukani. Kwenye mlima wa kuelekea Soni gari lake linahema. Sasa anataka kulifungia tabo, kile kifaa chenye umbo la konokono kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa nyingi zaidi ndani. Akanipigia: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomaji wa ukoo. Nisomee mambo haya, halafu uniambie, nimpe fundi au nifunge mwenyewe?"

Naye si mgeni wa spana. Klachi amewahi kuishusha, gasketi ya hedi amewahi kuibadilisha. Nadhani alitarajia nimletee hesabu ya bei. Nilisoma, nikauliza, nikaishia kumletea maswali mengine, na hakufurahi.

Tuanze na injini yenyewe, maana bila kuijua maadili yatakuwa ya hewani. Inaitwa 1HZ. Ilitoka mwaka 1990, ina silinda sita, lita 4.2 na nguvu za farasi 130 hivi, na haikuzaliwa na tabo. Sifa yake ni uvumilivu, ndiyo maana miradi, mapadri, hospitali na kampuni za utalii waliipenda. Kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1, yaani hewa inabanwa mpaka inabaki chini ya sehemu moja ya ishirini ya nafasi iliyokuwa nayo. Ukiisukumia hewa ya ziada injini iliyokwisha kubana kiasi hicho, unaongeza shinikizo na joto juu ya vingine vilivyokuwepo. Na Toyota walilijua hilo. Walipotaka injini ya ukubwa uleule yenye tabo, hawakuchukua 1HZ wakaipachika tu konokono. Walitoa 1HD-T, wakashusha kompresheni na kubadili jinsi dizeli inavyochomwa ndani.

Je, 1HZ haifai kufungwa tabo? Inafaa, watu wengi wamefunga na magari yanatembea. Sharti shinikizo liwe dogo, chini sana ya bar moja, bomba la moshi lipanuliwe, oili ya tabo iingie safi na irudi chini kwa mteremko bila kukwama, maana kile kigurudumu cha ndani kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Zaidi ya yote, pawe na geji ya kupima joto la moshi. Dizeli ina tabia yake: ukiongeza mafuta, joto linapanda. Gari halitakuambia. Linavuta vizuri, dereva anapiga mluzi, huku hedi inaanza kupata ufa au pistoni inaanza kuyeyuka juu. Geji ya maji kwenye dashibodi inachelewa mno kulisema hilo.

Basi kazi hii ni ya aina ambayo kosa lake halionekani siku ya kukabidhiana gari. Hapo ndipo swali la nani ashike spana linapopata uzito. Kupaka rangi, mtu anaona. Kufunga taa, mtu anaona. Hii inakuja kujulikana miezi sita baadaye, mlimani, na watu kumi na wawili nyuma.

Waandishi wa Ulaya na Marekani wanaosifu kazi ya mikono huwa wanaanza na pesa kisha wanapanda kwenda kwenye roho. Pesa zao zina mantiki. Australia, kwa mfano, ambako magari haya yamejaa, saa moja ya fundi ni ghali, kwa hiyo mtu akikaa na gari lake wikiendi nzima kwenye banda la nyumbani ameokoa hela ya maana. Kwetu hesabu imegeuka. Kinachoumiza ni spea. Mkono wa fundi ndio sehemu ndogo ya bili, wakati mwingine ndogo ya kutia aibu. Kaka akifunga tabo mwenyewe hataokoa kitu kikubwa, na gari litalala siku nne badala ya mbili. Hiyo ni hasara, kwa sababu gari ni duka lake.

Kwa hiyo mtu wa kwetu anayejifungia injini mwenyewe hatafuti nafuu. Anatafuta uhakika. Anataka kujua kwamba nati kumi zilizotolewa zimerudi kumi, kwamba gasketi ni mpya kweli na haikusuguliwa kwa msasa ikarudishwa, kwamba oili iliyonunuliwa ndiyo iliyomiminwa. Tuna utani kwamba garantii ya gereji ni mpaka getini, na tuna jina kabisa, fundi maiko, la yule anayejifunzia kwenye gari lako. Lugha haitungi jina kwa kitu kinachotokea mara moja.

Robert Pirsig alilijua hili mbali na kwetu. Katika "Zen and the Art of Motorcycle Maintenance," kitabu cha mwaka 1974, anasimulia alivyopeleka pikipiki yake gereji kwa vijana wenye redio na vicheko, wakaipiga nyundo na patasi, na chanzo cha ugonjwa kikaja kuonekana baadaye kuwa ni pini ya bei ya peremende. Anachowalaumu si ujinga. Anawalaumu kwa kutojali. Walikuwa pale kama watazamaji. Kutoka hapo anajenga hoja yake ndefu kwamba anayetunza chombo chake mwenyewe anajali, na kujali ndio ubora.

Nakipenda kitabu hicho. Lakini nikikisoma na mkonga wa kaka akilini, jicho linaniganda mahali pengine: kwenye siti ya nyuma ya pikipiki ile amekaa mtoto wake. Falsafa yote inasafiri na abiria ambaye hakuulizwa. Kujali kwa baba ni jambo jema, ila mtoto alihitaji kitu kingine pia, nacho ni mtu wa pili wa kukagua. Mtu anaweza kujali sana na bado akawa amekaza bolti vibaya. Tena anayejali sana ndiye asiyetaka kuambiwa, kwa sababu kazi imekuwa ni yeye.

Wenzangu wa uandishi wanalijua hili. Hakuna anayejihariri. Unaweza kuisoma habari yako mara ishirini, na mara zote ishirini jicho linasoma ulichokusudia, si ulichoandika. Waliosema mganga hajigangi hawakumdharau mganga, walijua tu kwamba mkono unaotibu na mwili unaotibiwa vikiwa vya mtu mmoja, hakuna wa kusema "hapana." Hiyo kwangu ndiyo hoja kubwa dhidi ya kujifungia mwenyewe gari linalobeba watu. Wengine husema kazi hii inahitaji msomi. Kaka ana mikono mizuri kuliko vijana wengi wa gereji, kwa hiyo hoja hiyo siiafiki.

Ila hoja yangu ina tundu, na kaka alilitoboa mara moja kwenye simu: "Na fundi naye anakaguliwa na nani?"

Kweli. Ukimpa fundi funguo ukarudi jioni, mtu wa pili hayupo. Umehamisha upweke tu, kutoka uani kwako kwenda uani kwake. Na fundi ana vishawishi ambavyo mwenye gari hana. Matthew Crawford, aliyesomea falsafa ya siasa mpaka udaktari kisha akafungua karakana ya pikipiki Virginia, ameandika kuhusu kishawishi kimoja kwa ukweli unaonivutia. Katika "Shop Class as Soulcraft" ya mwaka 2009 anaeleza pikipiki kuukuu ya Honda ambayo aliichimba kwa udadisi wake mwenyewe kuliko haja ya mwenye chombo, kisha akabaki na swali: amwandikie mteja saa ngapi? Udadisi unaomfanya fundi awe mzuri ndio huohuo unaoweza kula hela ya mtu. Fundi wa tabo naye ana udadisi wake. Anataka kuona hii injini inaweza kufika wapi. Gari si lake, mlima si wake.

Kwa hiyo kati ya mwenye gari anayejali asiye na wa kumpinga, na fundi anayejua asiye na cha kupoteza, umchague nani? Watu wetu waliliona swali hili zamani na wakabuni jibu lao: kumsimamia fundi. Mmelizoea hilo. Mwenye gari anachukua kigoda, au tairi bovu, anakaa mita mbili kutoka kwenye injini kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na soda mkononi. Anakwenda msalani kwa wasiwasi. Spea anakwenda kununua mwenyewe.

Nilikaa na fundi mmoja mzee Gerezani, Dar es Salaam, nikamuuliza anajisikiaje akisimamiwa. Alikuwa anafuta mikono kwa pamba chafu, akanijibu kwa swali. "Wewe ukiandika habari, mtu uliyemwandika huwa anakaa pembeni anakushika mkono?" Nikamwambia wapo wanaotaka. "Na unawaonaje?" Nikanyamaza, maana alikuwa amenipata. Kisha akaendelea, na hili ndilo lililonikaa. Alisema kusimamiwa hakumuudhi. Kinachomuudhi ni kusimamiwa na mtu asiyejua anaangalia nini. Huyo anahesabu nati tu. Haulizi kwa nini. "Mtu akiniuliza kwa nini, mimi nafanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu lazima nijijibu kwanza."

Akaongeza malalamiko ambayo sisi wenye magari hatupendi kuyasikia. Mteja analeta gasketi ya bei ya chini aliyoichagua mwenyewe Kariakoo, fundi anamwambia hii haitadumu, mteja anasema funga hivyohivyo. Ikipasuka, jina linaloharibika mtaani ni la fundi. Nilimuuliza kwa nini asikatae. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maskini hali nyama. Kukataa kazi ni anasa, na maadili mengi tunayomdai fundi tunamdai bila kumlipia. Tunalipa bei ya mkono, tunategemea tupate na dhamiri humohumo.

Hapo nadhani ndipo penye kiini. Unapolipa gereji unaweza kununua vitu viwili tofauti ambavyo kwenye risiti, kama risiti ipo, vinaandikwa kama kimoja. Kimoja ni kazi. Cha pili ni dhima: kwamba kuna mtu amesema "hili nimelifanya mimi, likiharibika nijie," na yuko tayari kusema mapema "hili silifanyi." Kazi kwetu ni rahisi kupatikana. Dhima ni adimu, na inapopatikana ina bei yake, na ni halali iwe nayo. Anayejifungia mwenyewe anabeba dhima yote peke yake, jambo ambalo ni la kiungwana kama mwenye kuumia ni yeye peke yake.

Aristotle katika "Siasa" yake alisema jambo linaloingia hapa vizuri: kuna kazi ambazo mtengenezaji wake si hakimu bora kuliko wote. Anayekaa nyumbani anaijua nyumba kuliko aliyeijenga, nahodha anaujua usukani kuliko seremala, na mgeni anaijua karamu kuliko mpishi. Kwa mantiki hiyo dereva anayepanda Soni mara mbili kwa siku ana elimu ambayo fundi wa Gerezani hana. Anajua kona ipi gari linaanza kuchoka, anajua harufu. Nakubali. Ila Aristotle hakututajia abiria wa jahazi, yule asiyejua usukani wala useremala na ambaye ndiye atakayezama. Abiria wa kaka hawajui tabo ni nini. Wanajua nauli. Wakiona gari linapanda kwa kasi watafurahi, na kufurahi kwao si ridhaa.

Na wapo wengine hata ndani ya gari hawamo. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua sawasawa, na unaingia kwenye pua ya anayetembea kando ya barabara na kwenye kanga ya mama anayeuza pea Soni. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tabo iliyofungwa vizuri inaweza hata kupunguza moshi huo, kwa kuwa hewa inatosha. Iliyofungwa ovyo, na skrubu ikasukumwa ndani ili kuifurahisha, inauzidisha. Tofauti ya hizo mbili ipo kwenye kupima, na kupima ndiko watu wanakokuruka, wa uani na wa gereji vilevile, kwa sababu geji haiongezi mwendo.

Nikamwambia kaka msimamo wangu. Kwamba asifunge mwenyewe, na pia asimkabidhi mtu funguo. Amtafute fundi anayekubali kuulizwa, ajifunze kiasi cha kuuliza maswali ya maana, na alipie siku nzima ya mazungumzo hata kama hakuna bolti itakayofunguliwa. Kwamba geji itangulie tabo. Na kwamba swali la breki lijibiwe kabla ya swali la nguvu, maana gari linalopanda kwa kasi Mombo kwenda Lushoto, juu kwenye mita 1,400 hivi, ndilo hilohilo litakaloshuka na kabichi. Alisema nimejibu kama mwanasiasa. Labda. Lakini akakata kabichi za wiki mbili akanunua geji, na fundi mmoja wa Korogwe, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akamfungia.

Walipanda pamoja, fundi kashika daftari, kaka kashika usukani. Kwenye kona za kabla ya Soni mshale ukapita 700, ukaenda karibu na 750. Bila tabo. Fundi akamwambia ageuze gari. Walipofungua wakakuta kizuizi cha pampu kilishavunjwa siku nyingi, na mikwaruzo ya spana ilikuwa imeshika kutu. Nani alifanya? Gari lilinunuliwa kwenye mnada wa mradi, limepita mikononi mwa madereva na gereji ambazo hakuna anayezijua. Huenda ni fundi aliyelipwa, huenda ni dereva mwenye bidii. Hakuna aliyeandika popote.

Pampu ikapelekwa Tanga kwenye mashine ya kupimia, ikarudishwa kwenye kipimo cha kiwandani. Sasa mkonga unapanda taratibu kuliko zamani, gia ya pili mahali pengi. Moshi umekwisha. Abiria wananung'unika kwamba gari limechoka, na wawili watatu wamehamia kwa mwenzake mwenye gari linalovuta kama simba na kutoa moshi kama treni. Hiyo ni nauli inayopotea kila siku, na simdharau kaka kwa kuihesabu. Hela ya tabo bado anayo. Fundi wa Korogwe amekubali kuifunga kwa masharti matatu, na moja ni kwamba kaka awepo siku zote mbili na asilete spea ambayo hawajaitazama pamoja. Bei aliyomtajia kwa kazi hiyo ni karibu mara mbili ya gereji ya jirani. Kaka amenipigia juzi kuuliza kama si ghali mno.